Ben-Yehuda: mhariri aliyeanza kazi bila kamusi

Wadau, hii ni kwa nyie mnaoota kuwa wahariri. Leo nawaletea jamaa ambaye ukianza kujifunza uhariri wa Kiebrania huwezi kumkwepa: Eliezer Ben-Yehuda.

Alizaliwa 1858 kijiji cha Luzhki, leo iko Belarus, akiitwa Perlman. Akaenda Paris kusomea udaktari, kifua kikuu kikamkatisha masomo. Mwaka 1881 akahamia Yerusalemu na mkewe Devora. Enzi hizo Kiebrania kilikuwa cha sala na vitabu, majumbani karibu hakuna aliyekiongea. Yeye akaweka sheria: kwake ni Kiebrania tu! Mtoto wao wa kwanza, wa 1882, alizuiwa hata kusikia lugha nyingine, kwa hiyo wa kucheza naye hakuna.

Mwaka 1884 akaanzisha gazeti la HaZvi. Hapo ndo kimbembe. Utaandikaje habari za kisasa kwa lugha ya vitabu vya kale? Hata neno la kamusi halikuwepo, watu walisema kitabu cha maneno. Akaunda milon, kutoka mila, yaani neno. Mtindo wake ulikuwa hivi: kwanza anafukua maandiko ya zamani. Akikosa, anatumia mzizi wa Kiebrania au anaazima Kiarabu, lugha ndugu. Kisha neno linaingia gazetini, wasomaji waamue. Milon likapita. Lakini nyanya alipoiita badura, watu waligoma, wakashika agvaniya mpaka leo.

Sio mchezo, aliumia. Kifua kikuu kilimuua Devora 1891. Wazee wa dini walimtenga wakiona anachezea lugha takatifu, na makala moja gazetini mwishoni mwa 1893 ikamtia jela ya serikali ya Kituruki kwa madai ya uchochezi. Akamwoa Hemda, mdogo wake Devora, akaendelea kukusanya maneno.

Alifariki Desemba 1922, mwaka ambao Waingereza walikifanya Kiebrania lugha rasmi Palestina, pamoja na Kiarabu na Kiingereza. Kamusi yake ilikamilika 1959, juzuu 17. Kamati ya Lugha aliyoshiriki kuianzisha 1890 ikawa Akademia ya Kiebrania 1953, ambako wahariri wa leo wanachungulia wakikwama.

Swali kwenu: wewe ungemnyima mwanao marafiki kwa ajili ya lugha? Dondosheni maoni.