Padre de l'Épée: Mchungaji wa Watoto Viziwi

Charles-Michel de l'Épée alizaliwa Versailles, nchini Ufaransa, tarehe 24 Novemba 1712. Tangu ujana wake alitamani upadre, lakini njia yake haikunyooka. Alikataa kutia sahihi tamko la kulaani mafundisho ya Wajanseni, akazuiwa kupewa Daraja Takatifu, naye akageukia masomo ya sheria. Baadaye alipewa upadre kwa msaada wa Askofu wa Troyes, lakini huko Paris alinyimwa ruhusa ya kuungamisha. Kwa macho ya wanadamu, alikuwa padre asiye na kazi ya maana.

Yapata mwaka 1760 aliingia katika nyumba moja jijini humo. Inasimuliwa kwamba aliwakuta mabinti wawili wakishona, akawasalimu, wasimjibu wala kuinua macho. Mama yao aliporudi alimweleza kwa machozi kuwa mabinti hao ni mapacha na wote wawili ni viziwi. Padre mmoja, aliyeitwa Vanin, alikuwa ameanza kuwafundisha imani kwa picha za watakatifu, lakini alikuwa amefariki. Mama alihofu kwamba watoto wake wataishi na kufa bila kumjua Mungu.

Tuelewe uzito wa hofu hiyo. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anaunganisha imani na kusikia. Kwa karne nyingi wapo waliodhani kwamba asiyesikia hawezi kufundishwa, kana kwamba sikio ndilo mlango pekee wa akili. De l'Épée hakukubali. Aliona kwamba mapacha wale walikuwa na namna yao ya kuzungumza kwa mikono, akatambua kwamba neno laweza kuingia kwa jicho kama linavyoingia kwa sikio. Basi akawa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu: akajifunza alama za viziwi ili apate kuwafundisha kusoma, kuandika na kupokea Sakramenti.

Wanafunzi waliongezeka. Aliwafundisha nyumbani kwake, mtaa wa Moulins, bila malipo, akiwapokea maskini pamoja na wenye nacho. Shule yake huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kuwapokea watoto viziwi bure. Gharama alizilipa kwa mali aliyoipata kwa wazazi wake. Husimuliwa kwamba katika uzee wake, wakati wa baridi kali, alikaa bila kuni ili fedha zisipungukie watoto, hadi wao wenyewe walipomsihi awashe moto.

Kazi yake ilikuwa na upungufu. Alibuni alama nyingi za kufuatisha sarufi ya Kifaransa, na mara nyingine wanafunzi waliziandika sentensi kwa usahihi pasipo kuielewa maana yake. Walipokuwa peke yao walirudi kwenye alama zao, zilizo nyepesi na hai. Mwaka 1779, Pierre Desloges, fundi kiziwi wa kujalidi vitabu, alichapisha kitabu cha kuitetea lugha hiyo ya viziwi wenyewe.

De l'Épée alifariki tarehe 23 Desemba 1789, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Roko, Paris. Mwaka 1791 serikali ya Ufaransa iliichukua shule yake, nayo ipo hata leo. Mbegu yake ilienea mbali. Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma katika shule hiyo, alivuka bahari na mwaka 1817 akashiriki kuanzisha shule ya viziwi huko Hartford, Marekani. Hapa kwetu Tanzania, Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi mjini Tabora mwaka 1963.

Wapendwa wazazi, watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto wa namna hiyo, asipoonyeshwa alama, huketi mezani pamoja na ndugu zake bila kujua kwa nini wanacheka, na hupigishwa magoti kanisani bila kujua ni mbele ya nani. Miaka ya kwanza ndiyo miaka ya lugha. Ikipita, hairudishiki kwa urahisi. Kwa hiyo tusimfiche mtoto, wala tusingoje afikie umri wa shule. Apelekwe hospitalini akapimwe masikio mapema. Baba, mama, bibi na ndugu zake wajifunze lugha ya alama pamoja naye, hata kama ni alama tano kwa juma. Makatekista nao wasimwache nje ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa kisingizio kwamba hasikii.

Bwana wetu, alipomponya kiziwi katika Injili ya Marko, kwanza alimtenga na umati, akamgusa. Alimfikia kwa njia ambayo mtu yule aliweza kuielewa. Hivyo ndivyo Padre de l'Épée alivyofanya, na ndivyo tunavyodaiwa kufanya katika kila familia na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.