Koitalel arap Samoei na Nyoka wa Chuma

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yuko mgeni aliyeingia Kenya na si kila mwenyeji aliyepona. Mgeni huyo ni reli.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka 1860 miongoni mwa Wanandi. Baba yake, Kimnyole, alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi na mtabiri. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma atemaye moshi, atakayetoka baharini hadi ziwani. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimwua, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wanawe wakavutania cheo, na Koitalel akashinda.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli pale Mombasa. Walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, ambapo palikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai. Mwaka 1901 ikafika Kisumu. Bwana we, nchi iligeuka! Mizigo iliyobebwa vichwani kwa miezi sasa ilifika kwa siku chache. Miji ikaota kama uyoga, Wahindi wakafungua maduka hadi bara, na baadaye kahawa na chai zikauzwa ng'ambo. Lakini pia walowezi wakaja, nao walitaka ardhi.

Koitalel hakukubali. Kwa takriban miaka kumi vijana wake walishambulia misafara na vituo. Nyaya za simu walizifanya mapambo, na vyuma vya reli wakavifua kuwa silaha. Serikali ilituma majeshi mara kadhaa lakini wapi!

Tarehe 19 Oktoba 1905, afisa Richard Meinertzhagen alimwita kwenye mazungumzo ya amani. Koitalel alifika, akapigwa risasi papo hapo pamoja na wenzake. Baadaye Wanandi wakahamishwa kwa nguvu kutoka sehemu ya ardhi yao, walowezi wakagawiwa. Fimbo zake za uongozi zilipelekwa Uingereza na hazikurudi hadi mwaka 2006.

Sasa mtauliza, sisi wa Lodwar na Kakuma yanatuhusu nini? Kwetu reli haijawahi kufika. Miaka ya 1920 tawi lake lilifika Kitale, likakomea hapo. Mbuzi wetu wanaouzwa mbali hupanda lori. Lakini mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, una mpango wa reli hadi Sudan Kusini kupitia kwetu.

Mimi naona ije. Mfugaji atapata soko na bei nzuri. Ila kabla ya chuma cha kwanza kulazwa, wazee na akina mama waulizwe mifugo itapita wapi, maji yatapatikana wapi, na ardhi italipwa vipi, kisha yaandikwe. Koitalel aliitwa mezani akakuta bunduki. Tahadhari kabla ya hatari.