Ratiba ya Nyumbani mwa James Mill

Wanachuo wetu warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, malalamiko ya kwanza huwa juu ya ratiba: vipindi ni vifupi, kengele yalia kabla ya madaftari kusahihishwa. Tumeona vema basi kusimulia habari za mtoto mmoja asiyepata kusikia kengele ya shule, lakini ambaye siku yake ilipangwa kwa ukali kupita shule yoyote tuijuayo.

John Stuart Mill, mwanafalsafa na mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, alizaliwa London mwaka 1806, akiwa kifungua mimba katika nyumba iliyokuja kuwa na watoto tisa. Baba yake, James Mill, aliamua kumfundisha mwenyewe. Mzee huyo alijipatia riziki kwa kuandika, na papo hapo alikuwa akitunga historia ya India iliyomchukua zaidi ya miaka kumi. Hivyo meza ilikuwa moja: upande huu baba akiandika, upande huu mtoto akisoma Kigiriki. Alikianza lugha hiyo akiwa na miaka mitatu, kwa kadi zilizoandikwa maneno na maana zake. Kamusi ya kumfaa haikuwapo, maana zilizokuwapo zilieleza Kigiriki kwa Kilatini, naye Kilatini alikuwa hajakijua. Kila neno gumu ilimlazimu amwulize baba. James Mill hakuwa mtu wa subira, lakini alikubali kukatizwa kazi yake namna hiyo siku hata siku. Sisi twaona hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ratiba ile, wala haikuwa ya mtoto.

Familia ilipokaa Newington Green, wakati huo nje kidogo ya mji, siku ilianza kwa matembezi kabla ya chakula cha asubuhi. Njiani mtoto alimsimulia baba yale aliyoyasoma jana yake, akitazama vikaratasi alivyoandika mwenyewe wakati wa kusoma. Jioni ilikuwa zamu ya hesabu, somo alilolichukia. Nasi hatushangai, maana akili ya mtoto jioni imekwisha choka.

Alipofikia umri wa miaka minane alianza Kilatini, na hapo hapo akapewa kumfundisha dada yake mdogo, kisha wadogo wengine. Wakikosea mbele ya baba, yeye ndiye aliyeulizwa. Kazi hiyo haikumpendeza, ingawa ilimfanya ayaelewe barabara yale aliyoyafundisha. Mwaka 1819 matembezi yakageuzwa kuwa somo la uchumi: baba alieleza njiani, kesho yake mtoto akaleta maelezo kwa maandishi, akarudishiwa kuyaandika upya mpaka yakawa wazi. Karatasi hizo zilimsaidia baba kutunga kitabu chake cha uchumi kilichotoka mwaka 1821.

Likizo haikuwapo, kwa hofu kwamba mazoea ya kazi yangevunjika. Watoto wa rika lake wa kucheza nao pia hawakuwapo, na kazi za mikono zilimshinda hata ukubwani. Mwanachuo atakayeisifu ratiba hii na asome pia habari za mwaka 1826. Kijana huyo, akiwa na miaka 20 na tayari mwajiriwa wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, alipatwa na huzuni nzito iliyodumu miezi mingi. Kila alichofundishwa kukitamani kilipoteza ladha. Alijifunza kuchambua kila jambo, lakini hisia zake hazikuwa na kipindi katika siku ile. Ahueni ilimjia polepole, na mwaka 1828 mashairi ya Wordsworth yalimsaidia sana.

Jambo moja hakuliacha maisha yake yote, nalo ni kutembea. Tangu alipokaa Ufaransa mwaka 1820 alipenda kukusanya mimea, na hilo hakulazimishwa na mtu. Alifariki Avignon mwezi Mei 1873, siku chache baada ya matembezi marefu ya kutafuta mimea.