Frank Worrell

Frank Mortimer Maglinne Worrell (Bank Hall, Barbados, 1 Agosti 1924 – Kingston, Jamaika, 13 Machi 1967) alikuwa mchezaji wa kriketi kutoka kisiwa cha Barbados. Anakumbukwa kama mpigaji hodari, na zaidi kama mtu mweusi wa kwanza kupewa unahodha wa timu ya West Indies kwa mfululizo mzima wa mechi za kimataifa.

West Indies si timu ya nchi moja. Inaundwa na wachezaji kutoka visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza, kama Barbados, Jamaika na Trinidad, pamoja na Guyana iliyopo Amerika Kusini.

== Maisha ya awali ==

Worrell alizaliwa karibu na mji wa Bridgetown, akasoma katika shule ya Combermere. Alianza kuichezea Barbados akiwa bado kijana wa miaka 17. Mwanzoni alichukuliwa kama mrushaji wa mpira wa polepole kwa mkono wa kushoto, lakini punde ikaonekana kwamba kipaji chake kikubwa kilikuwa katika kupiga, kazi aliyoifanya kwa mkono wa kulia.

Mwaka 1944 alipata mikimbio 308 bila kutolewa dhidi ya Trinidad, akishirikiana na John Goddard kufikisha mikimbio 502. Miaka miwili baadaye, dhidi ya timu hiyohiyo, yeye na Clyde Walcott walifikisha 574 bila yeyote kati yao kutolewa.

Walcott, Everton Weekes na Worrell walizaliwa katika eneo moja la Barbados, ndani ya muda wa miezi 18. Wote watatu walianza kuichezea West Indies mwaka 1948. Kwa kuwa majina yao ya ukoo yanaanza na herufi moja, walijulikana duniani kama W Watatu.

== Mpigaji wa kimataifa ==

Mechi kuu za kimataifa za kriketi huitwa mechi za testi, na kwa kawaida huchezwa kwa siku tano. Worrell alicheza testi yake ya kwanza dhidi ya Uingereza mjini Port of Spain, Februari 1948, akapata mikimbio 97. Katika testi iliyofuata, mjini Georgetown, alipata 131 bila kutolewa.

Hakuchukuliwa katika ziara ya India ya 1948-49 baada ya kutoelewana na wakuu wa kriketi kuhusu malipo. Wakati huo alikuwa ameanza kucheza kama mchezaji wa kulipwa katika klabu ya Radcliffe, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma pia Chuo Kikuu cha Manchester, akapata shahada mwaka 1959.

Mwaka 1950 West Indies ilishinda kwa mara ya kwanza mfululizo wa testi katika ardhi ya Uingereza, kwa mechi 3 dhidi ya 1. Worrell alipata jumla ya mikimbio 539, ikiwemo 261 katika zamu moja mjini Nottingham. Hiyo ilibaki idadi yake kubwa kuliko zote katika testi.

== Suala la unahodha ==

Kwa miaka mingi unahodha wa West Indies ulikuwa kama mali ya Wazungu wachache wa visiwani, ingawa wachezaji bora wengi walikuwa weusi. George Headley, mpigaji mashuhuri wa Jamaika, alipewa unahodha mwaka 1948 kwa testi moja tu. Worrell alikuwa ameshawahi kuongoza timu ya wachezaji wa Jumuiya ya Madola iliyozuru India, hivyo uwezo wake ulikuwa umeonekana. Hata hivyo, aliendelea kucheza chini ya manahodha wengine.

Mwandishi C. L. R. James wa Trinidad aliendesha kampeni kali katika gazeti la The Nation akidai kwamba Worrell apewe nafasi hiyo. Suala hilo lilivuka mipaka ya michezo, kwa sababu visiwa vilikuwa vikidai kujitawala. Ilikuwa vigumu kueleza kwa nini watu waliokaribia kuongoza nchi zao wasiweze kuongoza timu yao. Hatimaye Worrell aliteuliwa kwa ziara ya Australia ya 1960-61, akiwa na umri wa miaka 36. Nahodha aliyemtangulia, Gerry Alexander, alibaki katika timu kama mlinda wiketi na kucheza vizuri sana chini yake.

== Ziara ya Australia na ushindi uliofuata ==

Testi ya kwanza ilichezwa Brisbane, Desemba 1960. Baada ya siku tano kila timu ilikuwa na mikimbio 737, na mchezaji wa mwisho wa Australia alitolewa wakati hesabu zikiwa sawa. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu testi zianze mwaka 1877. Worrell mwenyewe alipata 65 katika kila zamu.

Australia ilishinda mfululizo huo kwa mechi 2 dhidi ya 1. Hata hivyo, wageni walipoondoka Melbourne watu wengi sana walijipanga barabarani kuwaaga, na kombe linaloshindaniwa na timu hizo mbili likapewa jina la Worrell.

Mwaka 1962 West Indies iliishinda India katika mechi zote 5. Katika ziara hiyo nahodha wa India, Nari Contractor, alipigwa na mpira kichwani na kuumia vibaya. Worrell alikuwa miongoni mwa waliojitolea damu ili kuokoa maisha yake.

Mwaka huohuo Shirikisho la West Indies lililounganisha visiwa kisiasa lilivunjika. Timu ya kriketi haikuvunjika. Worrell alikuwa amepinga tabia ya wachezaji kujigawa kwa visiwa, na mwaka 1963 aliwaongoza kuishinda Uingereza kwa 3 dhidi ya 1 kabla ya kustaafu.

Alicheza testi 51, akapata mikimbio 3,860 kwa wastani wa 49.48, na kutoa wapigaji 69. Alikuwa nahodha katika testi 15, akashinda 9.

== Miaka ya mwisho ==

Worrell alikuwa seneta nchini Jamaika na alifanya kazi ya kulea wanafunzi katika chuo kikuu cha West Indies, kwanza Jamaika na baadaye Trinidad. Mwaka 1964 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1965 alikuwa meneja wa timu ilipotwaa kwa mara ya kwanza kombe lenye jina lake, chini ya nahodha Garfield Sobers.

Alifariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 42. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika katika kanisa la Westminster Abbey, London, heshima ambayo hakuna mwanamichezo aliyewahi kupewa kabla yake. Alizikwa Barbados, katika eneo la chuo kikuu huko Cave Hill, na sura yake imewekwa kwenye noti ya dola 5 ya nchi hiyo.