Roy Plunkett na Mtungi Uliogoma

Ukipandisha gari kutoka Moshi mjini kwenda Marangu, injini inalegea. Huko juu hewa ni nyepesi. Ndiyo maana sisi wapenzi wa magari huku hatuchoki stori za supachaja, ile pampu inayosukumia injini hewa kwa nguvu. Ila ninayemheshimu zaidi katika stori hizo hakuwa fundi magari. Alikuwa mkemia, Roy Plunkett.

Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1910. Mwaka 1936 alipata shahada ya uzamivu, akaajiriwa na kampuni ya DuPont kutafuta gesi mpya za majokofu. Tarehe 6 Aprili 1938, yeye na msaidizi wake Jack Rebok walifungua mtungi wa gesi, kisitoke kitu. Wengi wetu tungesema umevuja, lete mwingine. Wao wakaupima: uzito haujapungua. Wakaukata, ndani wakakuta unga mweupe unaoteleza. Gesi ilikuwa imegeuka plastiki, ndiyo hiyo Teflon. Plunkett alikuwa na miaka 27.

Unga ule haukuliwa na asidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulitumika kwenye sili za mitambo ya kurutubisha urani. Baadaye ukafika kwenye vikaango, kwenye utepe mweupe wa mafundi bomba, na kwenye rota za supachaja.

Rota hazitakiwi kugusa ukuta wa pampu, kwa hiyo unabaki mwanya, na hewa inarudi nyuma. Watu wa mashindano huchomeka vipande vya Teflon kwenye ncha za rota kuuziba. Kwa kuwa ni laini, ikigusa inasagika yenyewe, alumini inapona. Kwa gari la kila siku mimi naikataa: inatanuka kwa joto kuliko alumini, inaisha, na kuibadilisha lazima ufungue pampu. Bora mwanya mdogo uliopimwa vizuri, hata kama hewa kidogo itapotea.

Plunkett alifariki Mei 1994, akiwa na miaka 83. Watu husema alibahatika. Mimi naona bahati ingeishia jalalani kama asingeupima ule mtungi. Hapa chuoni wapo wanaopika data ili grafu inyooke. Wana, maabara ikikupa jibu la ajabu, usilifute kwanza. Pima tena.