Bob Marley: Gwiji wa reggae aliyewarudia waliofungiwa lango

Siku ya pili, lango la uwanja wa Rufaro lilikuwa wazi. Wakazi wa Salisbury, mji ambao siku hizi huitwa Harare, waliingia bila kuulizwa tiketi wala barua ya mwaliko. Walikuja kumwona mtu waliyemfahamu kwa sauti tu, na ambaye usiku wa kwanza walikuwa wamezuiwa kumwona.

Ilikuwa Aprili 1980, na umri wa taifa la Zimbabwe ulikuwa bado wa kuhesabiwa kwa saa. Mtu huyo alikuwa Bob Marley, mwana wa Jamaika, mtunzi na mwimbaji aliyeutoa mtindo wa reggae katika vichochoro vya Kingston na kuufikisha kila pembe ya dunia.

Wachache uwanjani humo walijua kuwa mgeni wao alikuwa mgonjwa. Wachache zaidi wangeweza kukisia kwamba mwaka mmoja tu baadaye angekuwa kaburini.

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945, katika kijiji cha Nine Mile, wilayani Saint Ann, kaskazini mwa Jamaika. Mamake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana Mwafrika wa kijijini ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Babake, Norval Marley, alikuwa Mzungu wa Jamaika aliyekuwa msimamizi wa mashamba, na umri wake ulikuwa unakaribia ule wa babu.

Norval hakukaa na jamaa yake. Alituma pesa za matumizi kwa nadra, na mwanawe alimwona mara chache mno kabla ya mzee huyo kufariki mwaka wa 1955. Kijana alikua akidhihakiwa na watoto wenzake kwa sababu ya rangi yake, ambayo haikuwa nyeupe wala nyeusi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mama na mwana walihamia jijini Kingston kutafuta riziki, wakaishia Trench Town, mtaa wa mabanda na vyumba vya serikali vilivyozunguka nyua za pamoja. Jina la mtaa huo baadaye lingejulikana duniani kuliko mitaa mingi ya kifahari, lakini wakati huo lilikuwa jina la ufukara, na kijana aliyetaja anwani hiyo alipotafuta kazi alijua jibu atakalopewa.

Bob aliacha shule akiwa na umri wa takriban miaka 14, akaanza kujifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Moyo wake hata hivyo ulikuwa katika uimbaji. Pamoja na rafiki yake wa utotoni, Neville Livingston, ambaye baadaye aliitwa Bunny Wailer, na kijana mrefu mwenye ulimi mkali, Peter Tosh, alikuwa akifanya mazoezi uani chini ya uelekezi wa mwimbaji Joe Higgs, aliyewafunza vijana wa mtaa bila kuwatoza chochote.

Mwaka wa 1962 alirekodi wimbo wake wa kwanza, lakini haukuvuma. Vijana hao waliunda kundi la The Wailers mwaka uliofuata, wakaingia katika studio ya Clement Dodd, na wimbo wao wa Simmer Down ukawa gumzo la kisiwa. Ulikuwa wito kwa vijana wakorofi wa mitaani wapunguze hasira. Tangu mwanzo, basi, Marley alikuwa akiwaimbia watu waliokuwa tayari kuuana.

Sifa hazikuja na pesa. Februari 1966 alimuoa Rita Anderson, na siku chache baadaye akasafiri hadi Marekani kuungana na mamake aliyekuwa amehamia jimbo la Delaware. Huko alifanya vibarua, ikiwemo kazi katika kiwanda cha magari, ili apate akiba ya kurekodi muziki wake mwenyewe.

Aprili mwaka huo huo, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alizuru Jamaika. Marley hakuwepo, lakini Rita alikuwa miongoni mwa umati uliojipanga barabarani, na alitoka hapo akiwa muumini wa Rastafari. Mumewe aliporudi nyumbani alifuata njia hiyo. Kuanzia hapo Afrika ikawa kwake nchi ya ahadi, mahali alipopaona katika Biblia na katika mafundisho ya Marcus Garvey kabla ya kupaona kwa macho.

Mlango wa dunia ulifunguka mwaka wa 1972, Chris Blackwell wa kampuni ya Island alipowapa The Wailers pesa za kurekodi albamu bila kuwataka dhamana. Catch a Fire ilitoka mwaka uliofuata. Mwaka wa 1974 mpiga gita wa Uingereza, Eric Clapton, aliurudia wimbo wa Marley, I Shot the Sheriff, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka huo huo Tosh na Bunny walijiondoa, na Marley akabaki kiongozi, akisaidiwa na waitikiaji watatu wanawake: Rita, Judy Mowatt na Marcia Griffiths.

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi za Kingston katika miaka hiyo zilikuwa vijana wa mitaa ya mabanda. Chama cha PNP cha Waziri Mkuu Michael Manley na kile cha JLP cha Edward Seaga vilikuwa na ngome zao, na ngome hizo zililindwa na magenge yenye bunduki. Mtu angeweza kufa kwa kuvuka barabara iliyotenganisha mtaa wa chama hiki na wa chama kile.

Marley alikubali kutumbuiza bila malipo katika tamasha la Smile Jamaica, Desemba 5, 1976, akitarajia kutuliza uhasama. Serikali ilikuwa na mkono katika maandalizi, na muda mfupi baadaye ikatangaza uchaguzi wa Desemba 15. Papo hapo tamasha la umoja likaonekana mbele ya wengi kama kampeni ya chama tawala.

Usiku wa Desemba 3, watu wenye silaha walivamia nyumba yake katika barabara ya Hope na kuanza kufyatua risasi. Marley alijeruhiwa kifuani na mkononi. Rita alipigwa risasi kichwani, naye meneja Don Taylor akajeruhiwa vibaya. Wote walipona.

Siku mbili baadaye, Marley alipanda jukwaani katika bustani ya National Heroes mbele ya umati wa maelfu ya watu, mkono ukiwa bado na jeraha. Aliimba kwa zaidi ya saa moja, kisha akawaonyesha watu makovu mabichi. Baada ya hapo aliihama nchi yake.

Maisha ya ugenini jijini London yalimpa albamu ya Exodus mwaka wa 1977. Yalimpa pia habari mbaya. Kidonda katika kidole gumba cha mguu, ambacho wengi walidhani kilitokana na kuumia katika kandanda, mchezo alioupenda karibu sawa na muziki, kiligunduliwa kuwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Marley alikataa, na imani yake ya Rastafari ilikuwa miongoni mwa sababu. Alikubali upasuaji mdogo tu, kisha akarejea kazini.

Wakati huo, viongozi wawili wa magenge hasimu ya Kingston, Claudius Massop na Bucky Marshall, walikuwa wameafikiana kuweka silaha chini. Walimhitaji Marley ili mapatano hayo yaaminike. Alirudi nyumbani, na Aprili 22, 1978, katika tamasha la One Love kwenye uwanja wa taifa, akawaita jukwaani Manley na Seaga, akaishika mikono yao na kuiunganisha juu ya kichwa chake huku bendi ikiendelea kupiga. Nyuso za wanasiasa hao zilionyesha jinsi walivyokosa raha, lakini hakuna aliyethubutu kuuondoa mkono wake.

Umoja wa Mataifa ulimkabidhi nishani ya amani mwaka huo. Amani yenyewe haikudumu. Massop aliuawa kwa risasi za polisi mwaka wa 1979, Marshall naye akauawa jijini New York mwaka uliofuata, na uchaguzi wa 1980 ukawa wa umwagaji damu mkubwa kuliko uliotangulia. Mwanamuziki alikuwa ameweza kuunganisha mikono miwili kwa dakika chache. Kuyaunganisha maslahi yaliyokuwa nyuma ya mikono hiyo kulimshinda, kama kulivyowashinda wengine wengi.

Mwishoni mwa 1978 hatimaye aliikanyaga Afrika, akazuru Ethiopia na kufika Shashamane, mahali ambapo Haile Selassie alikuwa ametenga ardhi kwa ajili ya watu weusi waliotaka kurudi barani. Julai 1979 aliimba katika tamasha la Reggae Sunsplash mjini Montego Bay, na mwaka huo huo akatoa albamu ya Survival, ambayo jalada lake lilijaa bendera za mataifa ya Afrika. Ndani yake mlikuwa na wimbo uliobeba jina la nchi ambayo haikuwa bado kwenye ramani: Zimbabwe.

Kanda za wimbo huo ziliwafikia wapiganaji waliokuwa wakipambana na utawala wa walowezi wa Rhodesia. Mkataba wa Lancaster House ulipotiwa saini Desemba 1979 na tarehe ya uhuru kuwekwa, wajumbe walifunga safari hadi Kingston kumwalika mtunzi wake. Marley hakudai malipo. Badala yake aligharamia mwenyewe usafirishaji wa bendi na vyombo vyake hadi kusini mwa Afrika.

Sherehe za usiku wa kuamkia Aprili 18, 1980, ziliandaliwa katika uwanja wa Rufaro, katika mtaa wa Waafrika unaoitwa leo Mbare. Ndani walikaa wageni wa heshima, akiwemo Mwanamfalme Charles wa Uingereza, aliyekuja kushuhudia bendera ya nchi yake ikishushwa, na Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi. Nje walibaki wananchi wa kawaida ambao hawakuwa na mwaliko, baadhi yao wakiwa wapiganaji waliotoka msituni.

Waliposikia ngoma za reggae, walishindwa kuvumilia, wakalisukuma lango. Polisi walijibu kwa gesi ya kutoa machozi. Moshi ulitanda uwanjani na kufika hadi jukwaani, wanamuziki wakatawanyika, waitikiaji wakaondolewa upesi. Inasimuliwa kuwa Marley alikuwa wa mwisho kuondoka. Hali ilipotulia alirejea, akamaliza kazi aliyoitiwa.

Bendera mpya ilikuwa imepanda, lakini tukio hilo lilimwachia Marley dukuduku. Wimbo wake ulikuwa umetungwa kwa ajili ya waliokuwa nje, nao ndio waliopuliziwa moshi. Ndipo ikaamuliwa kwamba siku iliyofuata kuwe na tamasha jingine uwanjani humo humo, bila kiingilio.

Makumi ya maelfu walifurika. Hapakuwa na wafalme wala mawaziri wa kuzingatiwa. Walikuwepo wakazi wa mitaa, vijana, akina mama na waliopigana vita, wakicheza chini ya anga la nchi yao. Mcheza kwao hutunzwa, na ingawa Marley alizaliwa ng'ambo ya bahari, siku hiyo alitunzwa kama aliyerudi kwao.

Nguvu alizozitumia huko zilikuwa za akiba. Juni mwaka huo alijaza uwanja wa San Siro, mjini Milan, Italia. Septemba 21, siku moja baada ya maonyesho mawili jijini New York, alianguka akikimbia katika bustani ya Central Park. Vipimo vilionyesha kuwa saratani ilikuwa imeenea hadi kwenye ubongo. Siku mbili baadaye aliimba katika ukumbi mmoja mjini Pittsburgh, na hilo likawa tamasha lake la mwisho.

Novemba 1980 alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Alitibiwa kwa miezi kadhaa nchini Ujerumani bila mafanikio, na akiwa njiani kurudi Jamaika hali yake ilizidi kuwa mbaya. Alifariki mjini Miami, Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Hakuacha wosia, jambo lililozua kesi za mali zilizowasumbua mjane na watoto wake kwa miaka mingi.

Jamaika ilimpa mazishi ya kitaifa Mei 21. Seaga, aliyekuwa sasa Waziri Mkuu, alimsifu mbele ya waombolezaji. Jeneza lilisafirishwa hadi Nine Mile, kijiji alikozaliwa, na watu wakajipanga kando ya barabara kumuaga. Miezi michache baadaye, tamasha la Sunsplash liliandaliwa kwa kumkumbuka.

Mwaka wa 2005, maelfu ya watu walikusanyika Addis Ababa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, na mwaka wa 2018 shirika la Unesco likautambua muziki wa reggae kuwa urithi wa wanadamu wote. Hapa Kenya, sauti yake haijanyamaza katika matatu na vibandani, ikisikilizwa na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa alipofariki.

Nchini Zimbabwe, mengi yaliyotarajiwa usiku ule wa uhuru hayakutimia, na Robert Mugabe, aliyeapishwa uwanjani Rufaro, aling'olewa madarakani mwaka wa 2017 na jeshi lake mwenyewe. Lakini waliokuwepo siku ya pili wana lao la kusimulia. Mgeni aliwaona wakifukuzwa langoni, akakataa kuondoka kabla ya kuwaimbia.