Salum Abdallah, kijana aliyetaka kwenda Cuba



Leo sileti mtakatifu. Naleta mwanamuziki, tena Mwislamu wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Ukipanda daladala ya Mbagala Jumapili jioni na dereva akaweka zilipendwa, huenda umeshamsikia bila kujua ni nani. Jina lake Salum Abdallah Yazidu. Wazee wapenda dansi wanamwita SAY.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba Mwarabu, mama Mluguru. Alipokuwa bado mtoto, kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kuuza Afrika santuri zilizoandikwa herufi GV. Hiyo ilikuwa mwaka 1933. Nyingi zilikuwa muziki wa Cuba: rumba, son, bolero. Zilipigwa kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na Salum akazipenda mno.

Sasa jiulize: zile nyimbo zilikuwa za Kihispania. Nani Morogoro alijua Kihispania? Hakuna. Lakini mapigo yake yalikuwa yametoka Afrika, yalivushwa bahari na watumwa, na sasa yalikuwa yanarudi nyumbani ndani ya santuri. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya muziki, alisumbuka sana na jambo hili. Kila alipoguswa na sauti kuliko maneno, hata kanisani, aliona ametenda kosa. Namheshimu sana, lakini hapa nadhani alijibana kupita kiasi. Kuna vitu sikio linavitambua kabla akili haijavipa jina.

Mijini kulikuwa tayari na bendi za dansi. Hapa kwetu Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Usidanganyike na hilo neno jazz. Bendi iliweza kujiita jazz huku inapiga foxtrot, waltz na rumba, ilimradi ina gitaa, ngoma na tarumbeta mbili tatu.

Inasimuliwa kwamba Salum, akiwa kijana mdogo tu, alitoroka nyumbani aende Cuba. Siyo Dar, siyo Nairobi. Cuba! Alifika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Angalia ramani uone ukubwa wa jambo lenyewe: Mombasa iko Bahari ya Hindi, na Cuba iko ng'ambo ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa Afrika. Ilibidi arudi Morogoro. Anayejua aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu, baada ya kuaga au kutoroka kwa mbwembwe, anajua kijana huyu alirudi na nini kifuani. Na mimi ninayeishi nyumba ya malezi nimeona wenzangu wakifunga mabegi kurudi kwao. Nawaombea wakutane na alichokutana nacho Salum.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 20, alianzisha bendi. Akaiita La Paloma, jina la wimbo wa zamani uliotungwa na Sebastián Iradier, Mhispania aliyewahi kufika Cuba. Wimbo mwingine wa huyohuyo Iradier ndio Bizet wa Ufaransa aliuchukua akautia kwenye opera yake Carmen mwaka 1875, akidhani ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Kwa hiyo tukisema huu ni muziki wa heshima na ule ni wa baa, tuwe waangalifu. Mapigo yaleyale ya Cuba yaliingia kwenye ukumbi wa opera Paris na kwenye dansi Morogoro.

Kule Marekani, miaka hiyohiyo, enzi ya bendi kubwa za swing ilikuwa inafungwa. Benny Goodman, ambaye kwa klarineti yake alipiga dansi na pia alirekodi Mozart, alikuwa miongoni mwa viongozi waliovunja bendi zao mwishoni mwa 1946. Kulipa wanamuziki kumi na tano kila wiki si mchezo. Huku kwetu ndiyo kwanza mambo yalikuwa yanaanza.

Mwaka 1952 bendi ikawa Cuban Marimba, na kwa jina hilo ndiyo inakumbukwa. Cuba aliyoikosa akaipigia hapohapo chini ya milima ya Uluguru, kwa Kiswahili. Aliimba mapenzi, aliimba misiba, aliimba siasa za uhuru. Wimbo wake Wanawake Tanzania ni wa mwishoni kabisa, maana jina la Tanzania lenyewe lilianza kutumika Oktoba 1964. Mjini hapohapo kulikuwa na Morogoro Jazz, ambako baadaye aling'ara Mbaraka Mwinshehe. Mji mdogo, bendi mbili kubwa, na mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga.

Novemba 1965 Salum alifariki kwa ajali ya gari hukohuko Morogoro. Alikuwa na miaka 37. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba Mbaraka naye, miaka 13 baadaye, aliondoka kwa ajali ya gari pia, huko Mombasa. Mji mmoja uliwapoteza wote wawili barabarani.

Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba kwa miaka mingi iliyofuata. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ikakusanya rekodi za Salum za kuanzia 1955 hadi 1965, ikazitoa kwenye CD iliyoitwa Ngoma Iko Huku, jina la wimbo wake mmoja. Ukimtafuta mtandaoni utampata. Anza na huo, weka spika za masikioni, usikilize gitaa linavyojibizana na waimbaji.